Kikao cha Figo Kifanyike Mapema

Tangu upandikizaji wa figo uanze Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, si lazima tena mgonjwa apelekwe India. Hata hivyo, katika kumuuguza dada yangu nimeona kwamba kinachochelewesha zaidi ni ndugu kushindwa kulizungumza jambo lenyewe, na ningeshauri lizungumzwe pale tu daktari anaposema figo zinaelekea kushindwa, kabla ya kuanza kusafisha damu.

Kwa kuwa hapa kwetu figo hutolewa na ndugu aliye hai, mgonjwa asiachiwe kazi ya kuomba. Dada asingethubutu kumwambia mdogo wetu nipe figo. Aliyelibeba neno hilo ni shangazi, aliyetuita kwake Mbagala, akatanguliza kusema kwamba anayeogopa aseme na hatanuniwa. Mjomba akauliza swali lililokuwa vichwani mwa wote: mtu akibaki na figo moja, ataweza kubeba zege? Maswali ya namna hiyo yaandikwe na kupelekwa kliniki, maana jibu la daktari hutuliza kuliko hadithi za mtaani: mtu mwenye afya huweza kuishi vizuri kwa figo moja, ila lazima apimwe kwa kina, na baada ya hapo aendelee kufuatiliwa.

Wajitokeze zaidi ya mmoja, kwani kundi la damu, tishu, shinikizo la damu au kisukari huweza kumwondoa mtu mliyemtegemea. Tena kila mmoja aingie kwa daktari peke yake (shangazi abaki kwenye benchi), ili akitaka kukataa akatae kwa uhuru.

Mgonjwa akipungukiwa damu, mwulizeni daktari kama sindano za kuongeza damu zinatosha, kwa sababu kuongezewa damu ya chupa huweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili zitakazoikataa figo ya baadaye.

Kuhusu fedha, ulizeni bima italipia nini, hasa vipimo vya mchangiaji na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, ambazo humezwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Mdogo wetu ni fundi ujenzi wa kulipwa kwa siku. Kwa hiyo kikao kilekile kilipanga nani atalipa kodi yake ya nyumba na nani atapeleka chakula kwa mkewe hadi daktari amruhusu kurudi kazini.