Maswali na Majibu: Jibu Lililojificha Ndani ya Fumbo la Maneno

Nimejaza visanduku vyote bila kukosea herufi hata moja, lakini maelekezo yanasema kuna jibu jingine la kutafuta. Liko wapi? (Msomaji, Tanga)

Fumbo ulilokutana nalo ni lile ambalo Wamarekani huliita meta. Fumbo la maneno la kawaida, kama lile la kwanza la Arthur Wynne lililochapishwa na gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, huisha pale kisanduku cha mwisho kinapojazwa, ilhali katika meta kujaza ni maandalizi tu. Mtunzi hukutajia aina ya jibu, pengine mnyama, mji au methali, kisha hukuachia utafute njia ya kulifikia. Mtunzi wa mafumbo wa Marekani, Matt Gaffney, alianza mwaka 2008 kutoa fumbo la namna hii kila wiki, la wiki ya kwanza ya mwezi likiwa jepesi na yanayofuata yakizidi ugumu.

Nianzie wapi, nisije nikaikodolea macho karatasi jioni nzima? (Msomaji, Nakuru)

Anza na kichwa cha fumbo, kwa sababu mtunzi makini hakiweki kiwe pambo. Kisha yatazame majibu marefu kuliko mengine, au yale ambayo vidokezo vyake vimewekewa nyota.

Chukua mfano huu niliouandaa kwa ajili yako. Kichwa ni "Hesabu Herufi", na maelekezo yanasema kwamba jibu ni mnyama wa porini. Majibu yenye nyota, kutoka juu kwenda chini, ni PAMOJA, UTATUZI na MKUTANO. Ukiyatafakari kwa maana zake utadhani fumbo linahusu kikao cha usuluhishi, na hapo utapotea. Yasome kama mfuatano wa herufi tu, nawe utaona MOJA ndani ya neno la kwanza, TATU ndani ya la pili na TANO ndani ya la tatu. Anayezijumlisha hupata tisa, ambayo haimfikishi popote, lakini anayekumbuka kichwa huchukua herufi ya kwanza ya PAMOJA, ya tatu ya UTATUZI na ya tano ya MKUTANO, akapata P, A na A. Mnyama ni paa.

Nitajuaje kwamba sikubahatisha? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu sahihi hujithibitisha lenyewe, na kwangu hiyo ndiyo raha kubwa ya mchezo huu. Hapo juu kila neno lenye nyota limetoa herufi moja, mpangilio haukuvurugwa, na kichwa kimepata kazi yake. Ikiwa umelazimika kuacha neno moja nje, au kuzipangua herufi bila kuagizwa, basi hujafika bado, hata kama neno ulilolipata linapendeza. Usilitume.

Je, ni vibaya kumwomba mwenzangu anidokezee? (Msomaji, Bujumbura)

Si vibaya hata kidogo, ila kwa fumbo la shindano subiri kwanza muda wa kutuma majibu upite. Hata kwenye vitendawili vyetu, aliyeshindwa humpa mwenzake mji, kisha akafumbuliwa.

Natamani kutunga meta ya Kiswahili. Kuna la kuangalia? (Msomaji, Mombasa)

Lipo, na ni la msingi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo ukiificha siri katika herufi za mwisho utabaki na a, e, i, o na u peke yake, na hutapata nazo maneno ya kutosha. Ifiche katika herufi za mwanzo au za katikati. Viambishi navyo ni hazina, kwani hurefusha neno kiasi cha kulifanya libebe neno jingine tumboni: "ananena" limebeba nane, na "kumiliki" limebeba kumi. Tafuta kwanza maneno kama hayo, uyapange, na ukishayaridhia ndipo uchore visanduku.