Maswali ya Wasomaji: Skrini Kubwa kwenye Banda la Maonyesho

Nane Nane inapokaribia, barua nyingi tunazozipokea kutoka Lindi na Mtwara huhusu maandalizi ya mabanda katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Mwezi huu tumechagua nne zinazouliza juu ya skrini kubwa za kidijitali, kwa kuwa gharama yake si ndogo na anayekodi bila kuuliza hujikuta analipia kitu ambacho mchana hakionekani.

Swali: Mhariri, shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama wabanguaji wa korosho wilayani Newala. Tumepata banda la mita 6 kwa 6 kwenye njia kuu ya Ngongo, nalo mbele yake hakuna paa. Mfanyabiashara mmoja yuko tayari kutukodishia skrini ya LED yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 kwa siku zote za maonyesho. Wenzetu wengine wanaiona kuwa anasa, na wengine wanasema bila skrini hatutaonekana. Jenereta yetu ni ya kVA 5. Tunaomba ushauri kabla hatujatia saini. (Katibu wa kikundi, Newala)

Jibu: Marahaba, mama. Kabla ya kuzungumzia umeme na vipimo, kikundi kikae kiamue skrini hiyo itafanya kazi gani, kwa sababu inayoweza kuifanya vizuri ni moja tu, nayo ni kumsimamisha mtu aliye mbali na kumfanya ageuze njia aje bandani. Kumshawishi mnunuzi, kumwonjesha, kumweleza bei ya jumla na kuchukua namba yake ya simu ni kazi ya wanakikundi walio nyuma ya meza. Ikiwa fedha ya kukodi skrini itatoka kwenye fungu la korosho za kuonjesha au la posho za wahudumu, basi wanaoiita anasa wana haki.

Ikiwa fungu hilo haliguswi, jambo la kwanza la kupima ni jua. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti. Runinga ya nyumbani hutoa takriban niti 250 hadi 400, ambazo hutosha sebuleni lakini humezwa kabisa na jua la saa sita mchana, ilhali skrini ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya nje hutoa niti 5,000 au zaidi. Mwulizeni mwenye skrini kama yake ni ya ndani au ya nje, kwani zote mbili huitwa LED na kwenye picha ya simu hufanana, lakini ya ndani mara nyingi haizidi niti 1,000 na haikukingwa dhidi ya vumbi na mvua. Njia ya uhakika ni kuomba iwashwe mbele yenu, nje, mchana wa jua kali, kabla ya kutoa malipo ya awali.

Kisha uangalieni upande itakaoelekea, jambo ambalo wengi hulisahau. Lindi iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Agosti jua la utosi liko kati ya nyuzi 16 na 18 kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo katika siku za maonyesho jua hupita upande wa kaskazini mwa vichwa vyetu tangu asubuhi hadi jioni. Skrini iliyoelekezwa kusini haipigwi na jua usoni hata saa moja, ya kuelekea mashariki huteseka asubuhi, na ya kuelekea magharibi huteseka alasiri, ambao ndio wakati mbaya zaidi kwa kuwa watu wengi hufika baada ya shughuli za asubuhi. Ikiwa banda lenu haliruhusu kuelekea kusini kabisa, kuigeuza kidogo tu kuelekea upande huo kunasaidia.

Tatizo ni kwamba Agosti ni msimu wa kusi, nao upepo huo hutokea upande uleule mnaoutaka kwa ajili ya kivuli. Ubao wa mita 6 za mraba unaopigwa na upepo wa mita 15 kwa sekunde husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 85. Skrini yenyewe hujengwa kwa paneli za sentimita 50 kwa 50. Kwa ukubwa wenu zitahitajika 24, na kama kila moja ina kilo 8, jumla yake ni kilo 192. Uzito huo unaonekana mkubwa, lakini skrini hupaswa kuinuliwa mita 1 au zaidi kutoka ardhini ili waliosimama mbele wasiwazibe walio nyuma, na ikishainuliwa uzito huo huacha kuwa msaada dhidi ya kuanguka. Daini stendi yenye miguu mipana nyuma, iliyoshikiliwa kwa mapipa ya lita 200 yaliyojazwa maji, na msikubali kamwe ifungwe kwenye nguzo za turubai. Nimeona mafundi wakifanya hivyo kwa haraka ya jioni ya kuamkia ufunguzi, na watoto ndio hukaa karibu zaidi na skrini kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuhusu jenereta, jibu langu ni kwamba haitoshi kwa usalama. Skrini ya nje inaweza kula takriban wati 700 kwa kila mita ya mraba inapoonyesha weupe mtupu kwa mwangaza wote, maana yake kilowati 4.2 kwa skrini yenu, wakati jenereta ya kVA 5 kwa hesabu ya kawaida hutoa kilowati 4 halisi. Ni kweli kwamba picha za kawaida zenye rangi mbalimbali hutumia kama theluthi moja ya kiasi hicho, na mwenye skrini atawaambia hivyo, lakini itatosha tangazo moja lenye mandhari meupe lipite, na jokofu la juisi liwe limewaka wakati huohuo, jenereta izimike mbele ya wateja. Tafuteni ya kVA 8 au zaidi, au mpunguze mwangaza na kuipa skrini jenereta hiyo peke yake. Mkipewa umeme wa uwanja, kumbukeni kwamba kilowati 4.2 kwa volti 230 ni ampea 18, nazo haziwezi kupita salama kwenye plagi ya kawaida ya ampea 13. Skrini inahitaji laini yake kutoka kwenye ubao wa umeme, pamoja na waya wa ardhini uliofungwa na fundi anayejua kazi yake.

Mkatabani andikeni kwamba fundi wa mwenye skrini atakuwepo uwanjani muda wote, kwamba atakuja na moduli za akiba, yaani vipande vya taa vinavyounda paneli, na kwamba siku ambayo skrini haikuwaka hailipwi. Mwenye skrini akikataa sharti hilo la mwisho, mshukuruni kwa muda wake mwendelee na mengine.

Swali: Mimi ni kijana ninayerekodi video za harusi na mahafali hapa Mtwara. Nimepewa kazi ya kutengeneza video itakayoonyeshwa kwenye skrini ya LED katika banda la wabanguaji. Je, nitumie vipimo nilivyozoea, na video iwe ndefu kiasi gani? (Mpiga video, Mtwara)

Jibu: Ndugu yangu, usianze kuhariri kabla hujaulizia umbali kati ya pikseli na pikseli, yaani vitone vya mwanga vinavyounda picha, kwenye skrini hiyo. Mafundi huutaja kwa herufi P: P3.91 ina maana ya milimita 3.91. Kwa skrini ya aina hiyo, kila paneli ya sentimita 50 ina pikseli 128 kwa 128, kwa hiyo ukuta wa mita 3 kwa 2 una pikseli 768 kwa 512 tu. Video uliyozoea ya 1920 kwa 1080 itabanwa, maandishi madogo yatayeyuka, na kwa kuwa umbo lake halilingani na la skrini, utapata ama michirizi myeusi juu na chini ama vichwa vya watu vilivyokatwa pembeni. Tengeneza kazi kwa vipimo vya skrini yenyewe tangu mwanzo.

Namba hiyohiyo ya P hukuonyesha mtazamaji asimame wapi. Kwa makadirio yanayotumiwa na mafundi wengi, umbali wa karibu zaidi wa kutazama kwa raha ni mita sawa na milimita hizo, yaani kama mita 4 kwa P3.91, aliye karibu zaidi ya hapo huona vitone badala ya picha. Ndiyo maana skrini hiyo haifai kuwekwa ndani ya banda dogo, na kama mteja wako anataka kuonyesha kitu kwa watu waliokwisha kuingia, mshauri aongeze runinga ya inchi 55 chini ya paa, ambayo ina upana wa sentimita 121 hivi na haili umeme mwingi. Kwa maandishi, hesabia sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Anayetakiwa kusoma akiwa mita 18 anahitaji herufi za sentimita 15, ambazo kwenye skrini hiyo ni kama pikseli 38. Ukishaandika kwa ukubwa huo utagundua kwamba maneno matano au sita yanatosha kujaza mstari, na hilo ni jema.

Urefu usizidi dakika moja, nayo irudie bila kusimama. Usifungue kwa nembo inayozunguka wala kwa hotuba ya mwenyekiti, kwa kuwa mpita njia haji mwanzoni mwa video. Huikuta katikati, na kila sekunde kumi zinapaswa kueleweka peke yake. Onyesha mikono ikifanya kazi: korosho zinavyoanikwa, zinavyopikwa kwa mvuke, zinavyobanguliwa, zinavyokaushwa na kumenywa ganda laini, kisha zinavyopangwa madaraja. Hapo pa madaraja kaa kidogo, maana mnunuzi wa jumla anayeona W320 anajua kwamba ni korosho nzima zisizozidi 320 katika ratili moja, na W240 ni kubwa kuliko hizo. Picha ya karibu ya madaraja hayo mawili yakiwa kando kwa kando itamleta mezani. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) iwekwe ikiwa tu bidhaa hiyo ina leseni yake.

Mwisho, ipige skrini picha kwa simu yako. Ukiona mistari myeusi ikipita, skrini inachora picha upya kwa kasi ndogo. Iliyo na hetsi 3,840, yaani mara 3,840 kwa sekunde, hupigika vizuri zaidi kuliko ya hetsi 1,920, na wageni wenye simu ndio watakaoisambaza kazi yako. Pata pia ridhaa ya kila mfanyakazi unayemwonyesha sura.

Swali: Nauza pembejeo za korosho na ufuta, Masasi. Mwaka jana niliweka runinga mbili kubwa na spika bandani. Watu walijaa, lakini salfa na viuatilifu havikununuliwa kama nilivyotarajia. Je, niongeze ukubwa wa skrini? (Mfanyabiashara, Masasi)

Jibu: Hapana. Hukutuambia ulionyesha nini, ila sisi tumewahi kupita kwenye mabanda yanayoonyesha mpira na muziki, nayo hujaa kweli, mkulima mwenye swali la ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, akabaki nyuma ya vijana wanaoshangilia bao. Toa vyote visivyohusu bidhaa yako. Onyesha dalili za ugonjwa kwenye jani na ua, kipimo cha dawa na mavazi ya kujikinga, ukifuata maelekezo yaliyo kwenye kibandiko cha dawa na ushauri wa watafiti wa korosho walioko kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Spika izime, tumia maandishi, kwa sababu muuzaji wako hawezi kuzungumza na mteja huku akishindana na sauti yake mwenyewe. Runinga moja igeuze iangalie ndani, upande wa meza ya mauzo.

Swali: Chama chetu cha msingi kina projekta. Je, haiwezi kutumika badala ya kukodi skrini? (Mjumbe wa bodi, Ruangwa)

Jibu: Mchana uwanjani haiwezi, hata mkitundika turubai pande tatu, kwa kuwa projekta haina weusi wake yenyewe, sehemu nyeusi ya picha ni kitambaa kisichomulikwa, na jua likikigusa kila kitu hugeuka kijivu. Itawafaa kwa kikao cha jioni na wanachama, baada ya saa moja usiku, kwenye kitambaa cheupe kisicho na mikunjo.