Panda kitandani kwanza, daktari

Jana usiku muuguzi niliyemfundisha miezi minne iliyopita aliniandikia: "Dada, leo nimemwekea mteja kitanzi cha uzazi wa mpango peke yangu." Nimeusoma ujumbe ule mara tatu, na sioni haya kusema machozi yalinilenga.

Mimi mteja wangu wa kwanza nilimkimbiza. Mtihani nilikuwa nimefaulu vizuri: nilijua kitanzi cha shaba cha aina ya T380A kinakaa miaka 10, nilijua kupima kina cha kizazi kabla ya kukiweka, nilijua mrija unaokibeba unavutwa nyuma huku kijiti cha ndani yake kimetulia, hausukumwi. Mama akajikaza. Nikamwambia, "Tulia, hakiumi." Akaniuliza, "Wewe umewahi kuwekewa?"

Nikabaki kimya. Akashuka, akavaa, akaondoka. Mkufunzi akasema mbele ya wenzangu watano, "Ndiyo maana kazi hizi tuwaachie madaktari." Neno hilo linanichoma hadi leo. Na hao madaktari ndio ninaowafundisha sasa, nasema tu.

Siku ya kwanza ya mafunzo yangu kila mmoja, awe daktari au muuguzi, mwanamume au mwanamke, anapanda kitanda cha uchunguzi na nguo zake, magoti juu, dakika tano, wengine wakipiga soga pembeni. Daktari mmoja mwenye mvi alianza kwa kucheka. Dakika ya tatu akaomba shuka. Somo la kumsitiri mgonjwa sikuhitaji kumfundisha.

Mengine mnayajua, wahudumu wenzangu. Modeli ya plastiki kwanza, mtu baadaye. Spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, ipashwe kwa maji ya uvuguvugu. Ukipaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi kupima saratani, subiri dakika nzima kwa saa, si kwa kukisia. Omba ruhusa kabla ya kugusa. Omba tena.

Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa saratani ya mlango wa kizazi wakifika miaka 35, na tena wakifika 45. Atawapima nani? Mabingwa hawatoshi, ni ninyi wa zahanati na kliniki za familia. Na mwanamke uliyemdanganya mara moja harudi, wala dada yake haji. Acheni "hakiumi"! Semeni, "Kitabana kama tumbo la hedhi, ukisema simama, nasimama." Kisha simameni kweli.

Nilimjibu yule muuguzi: "Mteja hakukuuliza kama umewahi kuwekewa?"

"Aliniuliza. Nikamwambia sijawahi, aniambie yeye anavyosikia."