CNC ya kuanzia karakana ya mabango: pima shiti kwanza, kisha angalia umeme wako

Mkuu, umesema unafungua karakana ya mabango Dodoma, plota ya stika unayo, sasa unataka CNC rauta, mashine ya kukata shiti kwa kuongozwa na kompyuta, na umekwama kati ya 6090 ya bei nafuu na 1325 itakayomeza karibu mtaji wote. Nimeifanya kazi hii Dar kwa miaka tisa, na nilianza na hiyohiyo 6090, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Namba hizo ni ukubwa wa meza. 6090 ni milimita 600 kwa 900, 1325 ni 1300 kwa 2500. Nenda duka lolote la vifaa vya mabango upime shiti: alukobondi (plastiki iliyobanwa kati ya mabati mawili ya alumini), foreksi (plastiki nyepesi ya PVC), akriliki (plastiki kama kioo), MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), nyingi zinakuja futi 4 kwa 8, yaani 1220 kwa 2440. Kwenye 1325 shiti inalala nzima na nafasi ya kufungia inabaki. Kwenye 6090 inabidi uipasue vipande kwanza kwa msumeno.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa bango la duka la vipuri, herufi za foreksi ya milimita 18, kimo sentimita 75. Herufi M haikuingia mezani. Nikaigawa katikati, nikakata nusu mbili, nikaunga kwa gundi, nikapiga filla, msasa, rangi. Pale karakanani usingejua kama imeungwa. Baada ya wiki tatu za jua ufa ukajitokeza, mstari mwembamba wima katikati ya M, unauona ukiwa ng'ambo ya barabara. Mteja hakunigombeza, alininyooshea kidole tu pale juu. Nikaenda kukata herufi nzima kwenye mashine ya fundi mwingine, na faida yote ya kazi ile ikaishia kwake.

Kwa hiyo ushauri wangu: kama hela ya 1325 haijatimia, usikimbilie 6090. Chukua oda, peleka faili kwa mwenye mashine akukatie, wewe ubaki na usanifu, kuunganisha na kufunga. Utajenga wateja huku ukijua shiti gani unakata zaidi. Hapo naacha mlango mmoja wazi: kama lengo lako ni vibao vya milango, namba za vyumba na ngao za tuzo, 6090 inatosha kabisa, na kwa ofisi zilizohamia Dodoma kazi hiyo ipo. Lakini umeandika "mabango ya maduka na petroli stesheni", na hayo ni shiti nzima.

Sasa umeme, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakwama mashine ikiwa imeshashushwa. Spindo, ile mota inayozungusha biti (kisu cha kukatia), ya kilowati 2.2 au 3 inaendeshwa na inverta, kifaa kinachopanga kasi yake, inayokubali umeme wa kawaida wa fezi moja. Ya kilowati 6 kwenda juu huja ikitaka fezi tatu. Muuzaji atakushawishi uchukue kubwa kwa tofauti ndogo ya bei. Kwa mabango huihitaji. Foreksi, akriliki na alukobondi ni vitu laini, na kilowati 3 inavikata bila kulalamika. Kubwa ni ya watu wa milango na fanicha za mbao ngumu. Ukijumlisha spindo, mota za mashine na kifyonza vumbi, fezi moja itabeba ampea 30 na zaidi, kwa hiyo fundi umeme akague waya unaoingia karakanani kabla hujaagiza. Na ahakikishe mashine imeungwa kwenye ethi nzuri. Vumbi la foreksi likipita kwenye bomba la kifyonza linazalisha umeme tuli, na bila ethi mashine inasimama katikati ya kazi bila sababu utakayoiona.

Meza ya vakyumu ni nzuri, shiti inanyonywa na kutulia, ila pampu yake peke yake ni kilowati 5.5 au zaidi, na mara nyingi ni fezi tatu. Anza na meza yenye mifereji ya klampi. Tandika MDF juu yake, funga shiti kwa skrubu pembeni kwenye sehemu ya kutupwa. Herufi ndogo ziachie vishikizo viwili vitatu visivyokatwa hadi chini, zisiruke biti inapomaliza.

Nikae kidogo kwenye meza, maana ndiyo inayotofautisha mashine nzuri na mbovu. Boksi la bango la alukobondi halikatwi tu, linakunjwa. Biti ya V ya nyuzi 90 inachimba mfereji upande wa nyuma, inakula bati la nyuma na plastiki, inaacha bati la mbele na ngozi ya plastiki kama milimita 0.3. Kwa shiti ya milimita 4 yenye bati la 0.5, mfereji unaenda chini 3.2. Ona uwanja uliobaki! Meza ikipanda nusu milimita upande mmoja, biti inamaliza ngozi ya plastiki na kulikwangua bati la mbele; ikishuka, kona inagoma kukunjika na bati linapasuka. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mashine mpya ni kupiga randa ile MDF ya juu kwa biti pana, mashine yenyewe ikiipitia yote. Kisha chimba mifereji mifupi kwenye pembe nne na katikati, kunja, linganisha. Mimi hurudia kila nikibadilisha MDF.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akurekodie video mashine yako ikikata mraba wa milimita 1000 kwa 1000, kisha apime kona kwa kona zote mbili mbele ya kamera. Zote zisome 1414. Zikipishana milimita 3, fremu haiko mraba, na itakufuata kwenye kila boksi.

Kwa mota za kusogeza mashine, za stepa, zinazoenda hatua kwa hatua, zinatosha kwa kuanzia. Savo, zinazojihakiki zilipofika, ni bora lakini si lazima. Kwenye kidhibiti chagua DSP ya mkononi, rimoti inayoendesha mashine yenyewe bila kompyuta, kama A11 ya RichAuto: unachomeka flashi, kompyuta inakaa mbali na vumbi, na umeme ukikatika inakumbuka ilipoishia. Ukirudi, irudishe kwanza kwenye sifuri ya mashine ndipo iendelee. Reli zifute vumbi na uzipake grisi kila wiki. Vumbi la Dodoma kavu lile ni msasa.

Biti usibane hela. Kwa akriliki tumia yenye jino moja, milimita 3.175, spindo mizunguko 18,000, mwendo mita 2 kwa dakika, hapo kila mzunguko unang'oa kama milimita 0.11 na chenga zinatoka kavu. Ukienda polepole ukidhani unaihurumia, chenga zinayeyuka na kugandia nyuma ya biti, mkato unafunga tena. Na dukani ulizia akriliki ya kumiminwa, ile ya kusukumwa kwa mashine inayeyuka upesi mno.

Kuna aliyekushauri ununue leza badala ya rauta. Leza ya CO2 inaacha ukingo wa akriliki ukimeremeta, lakini alukobondi haikati, na foreksi usiiweke humo kamwe: ni PVC, ikiungua inatoa gesi ya tindikali inayochoma mapafu na kula vyuma vya mashine yenyewe.

Kwenye bajeti tenga hela ya meli, wakala wa forodha, VAT ya asilimia 18 na winchi ya kushusha. Mashine inakaribia tani moja, vijana wa mtaani hawaibebi.

Ukipata proforma (ankara ya awali ya muuzaji) iweke hapa tuisome pamoja, ila kwanza tafuta mstari wa volti. Kama haujaandikwa 220 fezi moja, usitume hata senti mpaka waurekebishe.