Ukipata Kazi ya Lori la Mombasa, Fikiria Kifua Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tororo aliniandikia: "Kaka, nimepata utaniboi kwenye lori la klinka. Nijiandae vipi?" Wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo: uanze taniboi, yaani msaidizi wa dereva, kisha uwe dereva, mwisho uwe na lori lako. Mimi ninalo la kwangu leo, na najivunia. Ila kifua changu hakijasahau nilikopita.

Klinka ndiyo inayosagwa kuwa saruji. Inashushwa Mombasa na kupandishwa hadi viwanda vya huku kwetu. Kreni inachota kwenye tumbo la meli, inafungua kucha zake juu ya faneli ya chuma, na papo hapo vumbi la kijivu linatimka na kulimeza lori zima. Macho yanawasha. Jasho likilichanganya shingoni, ngozi inachomeka. Jioni nilikuwa nikipenga kamasi, leso inatoka nyeusi, na weusi ule haukuwa wa klinka. Ulikuwa moshi. Meli ikifunga gatini haizimi jenereta, maana ndizo zinazoipa umeme, na malori kwenye foleni nayo yananguruma.

Tangu Januari 2020 kikomo cha salfa, inayochafua moshi, kwenye mafuta ya meli kimeshushwa kisheria kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Nashukuru kwa hilo, ni hatua kubwa. Lakini hata hiyo 0.5, yaani sehemu 5,000 kwa milioni, ni mara 100 ya kiwango cha salfa kilichowekwa mwaka 2015 kwa dizeli ya malori yetu Afrika Mashariki, yaani sehemu 50 kwa milioni. Na dizeli yenyewe si salama: mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wake unasababisha saratani.

Nilipomwomba bosi wangu wa wakati ule barakoa, alinijibu kwamba wenzangu hawajalalamika. Nilipoanza kukohoa, akasema ni baridi ya Timboroa, kule milimani tunakopita. Maneno yale yananiuma mpaka leo.

Kwa hiyo nunua barakoa ya N95. Ya kitambaa haizuii masizi. Wakati wa kupakia funga vioo. Na zima injini kwenye foleni, ndugu zangu, zima! Pale Malaba mpakani akina mama wanakaanga chapati kando ya silensa zetu, watoto wao migongoni, wakati dereva amelala na injini inawaka bure. Betri nzima itawasha lori zamu yako ikifika. Wale watoto hawana posho ya safari, wala hawakuchagua kazi hii. Tunaolalamikia moshi wa meli tuanze na wetu.

Na wewe mdogo wangu, kabla hujapanda, mwulize mwenye lori barakoa ananunua nani. Akisema ni juu yako, bei yake iingie kwenye posho kabla hamjakubaliana.