Usitembee na funguo za kudumu: kwa mnaoanza kazi za klaudi Mbeya

Wadogo zangu, ukianza kazi hizi za klaudi, yaani kutunza mifumo ya wateja kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni, hapa Mbeya, muda si mrefu utajikuta unahudumia wateja kadhaa kwa pamoja: chama cha msingi cha kahawa Mbozi, duka la dawa Mwanjelwa, shule Iringa. Kila mteja awe na akaunti yake. Hilo halina mjadala. Kazi ipo kwenye namna ya kuziingia zote.

Wengi hujitengenezea mtumiaji kwenye kila akaunti, kisha wanashusha funguo, yaani namba za siri za kuingilia, kwenye laptop. Acheni kabisa. Kwenye AWS, klaudi ya Amazon, ufunguo unaoanza na AKIA hauna siku ya kuisha, unafungua mpaka mtu auzime au aufute. Kijana wa field anamaliza, anarudi chuoni, na ufunguo wake bado unasoma malipo ya wakulima. Hizo ni pesa za watu waliohangaika shambani mwaka mzima.

Tumieni majukumu (roles), yaani vitambulisho vya kuazima vyenye ruhusa maalumu. Akaunti ya mteja inatengeneza jukumu, tuseme la kusoma mafaili tu, na kutaja nani anaaminiwa kuliazima. Ukiliazima unapewa funguo za muda, zinazoanza na ASIA. Ni kama kitambulisho cha mgeni getini kwenye kiwanda cha chai Mufindi, isipokuwa hiki kinajifia chenyewe: kwa kawaida baada ya saa 1, na kinaweza kuongezwa hadi saa 12. Mimi siongezi. Saa moja inatosha kwa kazi nyingi, na ikiisha unaomba tena.

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Kwa akaunti mbili tofauti, ruhusa inatakiwa pande zote: akaunti ya mteja ikuamini, na akaunti yako ikuruhusu kwenda kule. Upande mmoja ukikosekana unakataliwa, na ujumbe wa kosa unachosha kweli. Mtu akishachoka anaweka nyota (*), yaani ruhusu kila kitu, kwenye sera, yale maandishi yanayosema nani anaruhusiwa nini; kosa linaondoka, na nyota inabaki pale miaka. Soma sera zote mbili mstari kwa mstari kabla hujaongeza chochote.

Unapoazima jukumu unaulizwa jina la kipindi (session name). Andika jina lako, siyo "test". Ndilo litakaloonekana kwenye CloudTrail, daftari la matukio la AWS, mteja akiuliza nani aliingia kwenye akaunti yake. Historia ya kule hukaa siku 90 tu, kwa hiyo mshauri mteja aihifadhi pia kwenye akaunti ya pembeni.

Nenosiri la mtumiaji mkuu (root), mwenye mamlaka yote kwenye akaunti, libaki kwa mteja, pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili. Mwenyekiti wa chama atakwambia, "Mwanangu, kaa nalo wewe, sisi hatuyajui haya." Mjibu kwa adabu: "Hapana mzee, hili ni lenu," kisha keti naye mpaka aweze kuingia mwenyewe.

Mkataba ukiisha, mwombe afute jukumu lako, halafu jaribu kuingia mbele yake, aone mwenyewe unavyokataliwa.