Jodari kuharibika kabla ya kufika Dodoma
Mkuu, unauliza kwa nini jodari mliyemvua Mafia alifika Dodoma nyama imelegea, na mlipomla midomo ikawasha. Kosa lilianzia botini, si kwenye basi. Jodari akipigana na mshipi mwili wake hupata joto kali. Mkimlaza juani mkipiga picha, nyama inapauka. Mtoeni damu papo hapo: kata nyuma ya pezi la ubavuni, pande zote mbili, kisha matamvua. Toa matumbo. Mzamishe kwenye barafu ya kusaga sehemu 2, maji ya bahari sehemu 1. Barafu tupu haimgusi kote. Njiani mwaga maji ya deli, ongeza barafu Morogoro. Muwasho huo ni histamini, sumu inayojitengeneza kwenye nyama ya samaki asiyepozwa mapema; moto wa kupikia hauiondoi. Kilichobaki tupa.